Kadi ya bima bila maji safi: wanaodai afya kwa wote Kanda ya Ziwa waanzie mkutano mkuu wa kijiji

Mkazi wa Nyakato (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auweke kiporo.

Hoja yangu ni moja. Sisi tunaodai afya kwa wote katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria tumezoea kuelekeza madai yetu yote Dodoma, ilhali sehemu kubwa ya maradhi tunayotaka bima iyalipie huanzia pale tunapochota maji, na mengi ya kurekebisha hapo yamo ndani ya uwezo wa mkutano mkuu wa kijiji, mkutano ambao wengi wetu hatuhudhurii na ambao watendaji wengi wangefurahi usiitishwe kabisa.

Nianze na bima. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote tarehe 2 Novemba 2023, baada ya muswada wa kwanza wa mwaka 2022 kuzua ubishi mkubwa na kuondolewa. Wakati huo ni takriban asilimia 15 tu ya Watanzania waliokuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Sheria inamtaka kila mkazi awe na bima, na kwa wasio na uwezo inaweka mfuko utakaochota fedha kwenye vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi, michezo ya kubahatisha, bima za magari na miamala ya kielektroniki. Kwenye karatasi hili ni jambo jema, tena kubwa, hasa ukikumbuka kwamba tangu uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993 mgonjwa wa kawaida amekuwa akifika hospitali akiwa na mkono mmoja kwenye kidonda na mwingine mfukoni.

Swali ni nani atahesabiwa kuwa hana uwezo, na nani atamhesabu. Tunao uzoefu wa jambo hili. Katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, ulioanza mwaka 2012, kaya ziliibuliwa na wanajamii wenyewe katika mikutano ya vijiji na mitaa. Pale mkutano ulipohudhuriwa na watu wengi, orodha ilifanana na hali halisi. Pale ulipohudhuriwa na ndugu wa viongozi, orodha nayo ilikuwa na undugu. Yeyote anayedhani kwamba orodha ya watakaolipiwa bima itatoka kwenye kompyuta ikiwa safi hajawahi kukaa chini ya mwembe siku majina yanaposomwa.

Sasa maji. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha kijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo cha kuchotea kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kwa watu 250. Chukueni kaya ya watu sita, ambayo ndiyo kaya iliyotumika pia kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa wa mwaka 2018 kwa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka. Kaya hiyo inahitaji lita 150 kwa siku, yaani ndoo saba na nusu za lita 20. Kwenye kioski ninachokijua mimi ndoo ni shilingi 50. Hiyo ni shilingi 375 kwa siku, na kwa mwaka inakaribia shilingi 137,000. Kwa maneno mengine, kaya inayosemekana kushindwa kulipa shilingi 30,000 za CHF inatakiwa kulipa zaidi ya mara nne ya hizo ili ipate maji kwa kiwango cha chini cha sera. Hapo sijagusa siku ambazo kioski kimefungwa na dumu linaletwa na bodaboda kwa bei anayoitaka mwenye bodaboda.

Kaya hiyo hufanya nini? Hununua ndoo mbili za kunywa na kupikia, na mengine yote huyamalizia ziwani. Nendeni mwalo wowote saa kumi na moja jioni mkatazame. Mama amesimama ndani ya maji hadi magotini anasuuza vyombo, watoto wa shule wamevua sare wanaoga, kijana anaosha pikipiki, na hatua chache pembeni, kwenye magugu, ndipo choo cha wasio na choo. Kichocho cha tumbo hakihitaji zaidi ya hapo. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, vimelea huingia ndani ya konokono, huzaliana humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu yeyote aliyeingia majini, awe mcha Mungu au mlevi. Mtoto hupewa dawa shuleni, minyoo mikubwa hufa, na jioni ileile anarudi kuoga palepale. Dawa haimpi kinga. Miaka ikipita ini huwa na makovu, mishipa hujaa shinikizo, na siku moja mtu mzima anatapika damu na kukimbizwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Hapo ndipo bima inapoitwa, na hapo gharama si ya ndoo tena.

Kwa hiyo ninaposikia kikundi kimoja kinadai bima na kingine kinadai maji, kila kimoja na barua yake, mabango yake na mbunge wake, naona tunajipunguzia nguvu. Mlipaji ni mmoja na mgonjwa ni mmoja.

Ninachopendekeza ni hiki. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inakifanya kijiji kuwa na mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na mkutano huo unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, miradi ya maji vijijini huendeshwa na vyombo vya jamii, vile ambavyo wengi tunaviita CBWSO. Zahanati nayo ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Tukiweka ajenda tatu katika mkutano mmoja, yaani hesabu za maji, hesabu za zahanati na orodha ya kaya zisizo na uwezo, tutakuwa tumefanya kazi kubwa kuliko maandamano kumi. Naomba michango, hasa ya wanaopinga.

Muuguzi Kisiwani

Ndugu Mkazi, ahsante kwa uzi. Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Ukerewe na nitasema yale ninayoyaona dirishani.

Hesabu yako ya ndoo ni sahihi, lakini umempita haraka mtu mwenye kadi. Mwananchi amelipia, amefika na kadi yake, amepimwa, kisha anaambiwa dawa hakuna, anapewa kikaratasi aende duka la dawa barabarani. Anatoka akiwa amelipa mara mbili. Mwaka unaofuata halipii tena, na jirani yake aliyekuwa anafikiria kujiunga anaacha. Mifuko ya afya ya jamii imekuwa ikidhoofika kwa namna hii miaka yote tangu majaribio ya kwanza Igunga mwaka 1996. Watu husema wananchi hawana elimu ya bima. Mimi nasema wanayo ya kutosha, na wameipata kwenye kikaratasi hicho.

Kuhusu misamaha, naomba wanajamvi waijue vizuri kwa sababu wengi hunyimwa haki yao kwa kutokujua. Sera yetu inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, UKIMWI na ukoma. Tatizo ni kwamba msamaha haulipiwi na mtu. Kituo kinamhudumia mzee bure, dawa inakwisha, na hakuna anayekirudishia kituo gharama ile. Kwa hiyo mhudumu anajikuta anamkwepa mzee, na mzee anarudi nyumbani akidhani kaonewa na mtu mmoja mwenye roho mbaya. Kama mfuko wa wasio na uwezo utafanya kazi, faida yake kubwa kwangu itakuwa hapo: mzee awe na mlipaji.

Jambo la pili. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zimekuwa zikipelekwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo badala ya kuishia halmashauri. Hii ina maana kwamba kamati ya usimamizi ina kitu cha kusimamia. Lakini niwaulize wakuu, ni wangapi kati yenu wanawajua wajumbe wa kamati ya zahanati ya kwao? Kwetu wapo wanaokuja, wanasaini, wanapewa soda, wanaondoka. Siku mjumbe mmoja alipoomba kuona leja ya dawa, mganga mfawidhi alifurahi kuliko mtu yeyote, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mwananchi aliyeona kwamba dawa iliombwa bohari na haikuletwa, wala haikuibwa na wahudumu.

Na maji, jamani. Zahanati yenyewe inahitaji maji. Mama anajifungua na sisi tunategemea tanki la mvua. Tukidai maji ya kijiji, bomba la kwanza liende zahanati, la pili shuleni.

Mzee wa Misungwi

Wanangu, shikamoo hamkuiandika lakini nitaiitikia hivyo hivyo: marahaba.

Mimi nimeishi nyakati zote mbili, ya huduma bure na ya huduma kwa fedha, na sipendi kila moja inavyosimuliwa na watu ambao hawakuwapo. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji karibu na kila kaya ya kijijini, na maji yalikuwa ya bure. Mashine zilifungwa, tulipiga ngoma. Kisha dizeli ikakosekana, kipuri kikakosekana, fundi akahamishwa, na mnara wa tanki ukabaki makazi ya ndege. Mwaka 1991 ilipokuja sera ya kuchangia, wengi wetu huku tulikuwa tumekwisha kurudi kwenye malambo. Kwa hiyo kijana anayesema maji ni haki, namuunga mkono. Anayesema haki maana yake hakuna mtu wa kununua dizeli, huyo namwomba akae kwanza.

Halafu kuna suala la Ihelele, chanzo cha maji ya ziwa kilichoko hapa wilayani kwetu. Wengi mnajua kwamba maji ya Kahama na Shinyanga yanavutwa kutoka hapo. Wachache mnajua lilivyokuwa jambo la kisiasa. Mkataba wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri uliipa Misri kauli juu ya kazi yoyote itakayogusa maji ya Mto Nile na maziwa yake katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Mwalimu Nyerere alikataa mwaka 1962, akasema Tanganyika huru haifungwi na mikataba ya mkoloni ya namna hiyo. Mradi wa Ihelele ulipojengwa na kuzinduliwa mwaka 2009, Misri haikufurahi, lakini maji yalikwenda. Baadaye yalisogezwa hadi Tabora, Nzega na Igunga. Mwaka 2010 kule Entebbe mataifa ya juu ya Nile yalianza kutia saini mkataba wao mpya, na ulianza kutumika Oktoba 2024.

Ninasema haya kwa sababu gani? Taifa lilisimama mbele ya Misri likasema maji haya ni ya watu wanaokaa kando yake. Sawa kabisa. Basi mtu wa kijiji ambacho bomba kubwa linapita nyuma ya zizi lake naye asimame mbele ya taifa aseme maneno yaleyale. Mimi ni mmoja wa waliokaa miaka wakilisikia bomba linapita na kuchota kisimani. Tulipata kituo cha maji baada ya kwenda mara nyingi kwenye ofisi fulani ambayo sitaitaja, na hatukwenda kwa fujo. Tulikwenda na muhtasari wa mkutano wa kijiji wenye mhuri. Karatasi ya mtu mmoja huwekwa chini ya chai, lakini muhtasari wenye mhuri lazima ujibiwe.

Mlipa Kodi

Wakuu, naomba kupinga, na sitazunguka.

Mwanzisha uzi amekubali mapema mno kwamba njia ya afya kwa wote ni bima. Bima ya kuchangia, katika nchi ambayo wafanyakazi wengi ni wakulima, wavuvi, mama lishe na bodaboda, ni kodi ya kichwa iliyobadilishwa jina. Dagaa zikikosekana siku za mbalamwezi, mvuvi wa Igombe atatoa wapi mchango? Mwenye mshahara hukatwa bila kuulizwa na mwajiri wake humchangia. Asiye na mshahara anatakiwa kuutafuta mchango wake mwenyewe kwa mwaka mzima. Njia ya haki ni kodi ya jumla, huduma ya msingi iwe bure mlangoni kwa kila mtu, bila kadi, bila kuulizana nani maskini. Aprili 2001 marais wa Afrika walikaa Abuja wakaahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Ahadi hiyo ndiyo tunayopaswa kuidai.

Na kuhusu orodha ya maskini inayosomwa hadharani: mnaona ni kitu kizuri mtu kusimamishwa mbele ya kijiji ili ithibitishwe kwamba yeye ni fukara? Wapo wazee watakaokufa kabla ya kukubali jina lao lisomwe.

Jirani wa Kisumu

Hamjambo ndugu zetu wa ng'ambo ile ya ziwa. Nimekuwa nikifuatilia na ningependa kuchangia kidogo kutokana na yale tuliyoyapitia huku Kenya, kwa maana ndugu Mlipa Kodi amegusa kidonda.

Sisi tulibadilisha mfumo wa bima ya afya tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mapato yake. Asiye na mshahara hujibu maswali kuhusu nyumba anayoishi, mali aliyo nayo na kadhalika, kisha mfumo unamkadiria mapato na kumwambia alipe kiasi gani, kisichopungua shilingi 300 za Kenya kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mama anayeuza samaki kule Dunga akiambiwa alipe ya mwaka mzima siku moja, hucheka tu. Kwa upande mwingine, huduma ya ngazi ya msingi ina mfuko wake unaotokana na kodi, ambapo mtu aliyejisajili hahitaji kuwa amelipa mchango ili atibiwe zahanati. Kwa hiyo mabishano yenu ya kodi au mchango, kwetu yamejibiwa kwa kuweka vyote viwili, na ile sehemu ya kodi ndiyo inayoeleweka kwa mwananchi.

Jambo jingine ni katiba. Ibara ya 43 ya katiba yetu ya mwaka 2010 inataja waziwazi haki ya afya na haki ya maji safi ya kutosha, na mtu anaweza kwenda mahakamani. Ni silaha nzuri na sitaidharau. Lakini bado huku Kisumu, tukilitazama ziwa hivi, wapo wanaonunua mtungi kutoka kwa mkokoteni.

Mkazi wa Nyakato

Mzee wetu, shikamoo. Nimekuelewa na nitarudi kwako. Jirani wa Kisumu, ahsante sana.

Ndugu Mlipa Kodi, hoja yako ni nzito na nusu yake naikubali. Kama ningekuwa natunga sheria upya ningeanza na huduma ya msingi inayolipwa kwa kodi, kama wanavyofanya jirani zetu. Lakini sheria imekwisha kupita, na vyanzo vya mfuko wa wasio na uwezo, yaani soda, bia, vipodozi, kamari na miamala, ni kodi kwa jina lolote utakaloviita. Maana yake mlango wa kodi umekwisha kufunguliwa kidogo. Kazi yetu ni kuupanua kwa kuhakikisha kwamba wanaohesabiwa humo ni wengi na ni wanaostahili. Ukiususia mkutano kwa sababu mfumo si ule unaoutaka, orodha itaandikwa bila wewe, na yule mvuvi wa Igombe atawekwa kwenye fungu la wenye uwezo kwa sababu ana mtumbwi.

Suala la aibu ulilolitaja ni la kweli, nami nakushukuru. Sioni sababu ya majina kusomwa kwa sauti. Mkutano unaweza kupitisha vigezo hadharani, na kamati ndogo ikayapitia majina faraghani na kubandika namba za kaya tu, huku kila kaya ikiwa na nafasi ya kukata rufaa. Tena vigezo vyenyewe vizingatie maji. Kaya inayochota ziwani kwa sababu haiwezi kununua ndoo ya shilingi 50 isihitaji ushahidi mwingine wa umaskini.

Kuhusu katiba, ibara ya 11 ya katiba yetu inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee na maradhi, lakini ibara ya 7 inazuia mahakama kusikiliza madai yanayotokana na sehemu hiyo. Huku kwetu, basi, mahakama si mlango wa kwanza. Ndiyo maana nang'ang'ania mihtasari, mihuri na tarehe, yale aliyoyasema Mzee wa Misungwi. Pamoja na hayo ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwananchi nafasi ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30. Mwombe mhasibu wa chombo cha maji akuoneshe makusanyo ya ndoo, umeme uliolipwa, na kilichobaki benki. Kijiji kikijua kwamba kinakusanya kuliko kinavyotumia, kinaweza kudai bei ya ndoo ishuke, au kaya kumi na tano za wazee zichote bure na gharama ibebwe na wote. Hiyo ndiyo ruzuku, na hakuna waziri aliyehitajika.

Mzee, kuhusu dizeli tuko pamoja. Sidai maji ya bure. Nadai hesabu iwekwe wazi ili tujue nani anaweza kusamehewa bila mashine kuzimika.

Binti wa Sengerema

Kaka Mkazi, haya yote ni mazuri, lakini naona mnaongea kana kwamba mkutano ukiitishwa watu watakuja, na wakija watasema. Kwetu mkutano huitishwa saa tatu asubuhi, saa ambayo wanawake ndio wako kwenye foleni ya maji. Wanaofika ni wanaume na wazee. Kisha ajenda ya maji inajadiliwa na watu ambao hawajawahi kubeba ndoo tangu waoe. Niliwahi kusimama nikauliza kwa nini kituo cha maji kinafunguliwa kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja jioni, nikajibiwa kwamba mhudumu wa kituo ana shughuli zake. Mhudumu huyo analipwa kwa fedha zetu za ndoo!

Tulichofanya baadaye ni kukubaliana sisi wenyewe kwenye foleni. Foleni ndiyo mkutano wetu. Tulipanga nani atauliza nini, tukaomba kwa barua mkutano uhamishiwe alasiri, na siku hiyo madumu yalipangwa kwenye mstari yakilindwa na mabinti wawili, sisi wengine tukaenda. Sasa kituo kinafunguliwa hadi saa tano asubuhi. Ni jambo dogo, lakini watoto wawili wa jirani yangu hawaendi tena ziwani kabla ya shule.

Swali langu ni la mjini. Dada yangu anaishi mlimani, Mabatini, jijini Mwanza. Huko hakuna kijiji wala chombo cha maji cha jamii. Yeye afanye nini?

Mkazi wa Nyakato

Dada, swali lako ni zuri kwa sababu mjini sheria ni nyingine. Mtaa hauna mamlaka ya kijiji. Una mwenyekiti na mikutano, lakini hauna hesabu za maji za kusimamia, kwa kuwa maji ni ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na bei yake huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Kabla bei haijapanda EWURA huitisha mkutano wa taftishi, yaani wa kukusanya maoni, ambapo mwananchi anaruhusiwa kusema na kuwasilisha maandishi. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo kazi yake ni kumsemea mtumiaji. Mikutano ya taftishi nimeiona, na viti vingi huwa vitupu.

Kuhusu Mabatini na milima mingine ya mawe, ugumu si wingi wa maji peke yake. Chanzo cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kimeongezwa juu ya kile cha Capripoint, lakini maji ya kwenye mtambo na maji ya juu ya jabali ni mambo mawili tofauti. Yanahitaji tanki la juu, pampu ya kusukuma na mgawo unaoeleweka. Dada yako na majirani waombe ratiba ya mgawo ya eneo lao kwa maandishi, wawe na daftari la siku maji yalipotoka na saa yalipokatika, kisha waende nalo kwenye taftishi. Daftari la kaya ishirini kwa miezi mitatu ni gumu kulikataa kuliko malalamiko.

Muuguzi Kisiwani

Niongeze moja kwa dada wa Mabatini na kwa wote wa mjini. Kamati ya kituo cha afya ipo mjini pia, tofauti na chombo cha maji. Daftari hilo la mgawo lipelekeni na huko, mkaombe mganga mfawidhi aweke pembeni yake idadi ya wagonjwa wa kuhara waliotibiwa kwa miezi hiyohiyo, bila majina. Takwimu hizo tunazijaza kila mwezi na zipo kwenye kituo. Mimi huku nimekwisha kumwomba mganga wangu, amekubali, na mkutano wetu wa kijiji ni mwezi ujao. Nitaweka hapa fomu niliyoichora, mwenye kuhitaji aniambie.

Mzee wa Misungwi

Nahitaji. Ila iwe na herufi kubwa, miwani yangu ni ya zamani.